Tuzo ya Mchungaji Mbishi

Tarehe 4 Januari 2019 bodi ya Taasisi ya Haki za Kiraia ya Birmingham, katika jimbo la Alabama huko Marekani, ilipiga kura kumnyang'anya mwanaharakati Angela Davis tuzo ambayo alikuwa bado hajaishika mkononi. Oktoba ya mwaka uliotangulia, taasisi hiyohiyo ilikuwa imetangaza kwa bashasha kwamba binti wa mji atarudi nyumbani kupokea Tuzo ya Haki za Binadamu ya Fred Shuttlesworth, kwenye hafla ya chakula cha jioni iliyopangiwa tarehe 16 Februari. Kisha ikaja taarifa fupi: baada ya kupitia upya rekodi yake, imeonekana hakidhi vigezo vyote. Vigezo gani, taarifa haikusema. Hafla ikafutwa.

Hafla za namna hii tunazijua sana Afrika Mashariki. Meza kuu ina kitambaa cheupe na maua ya plastiki, mgeni rasmi anachelewa, mshereheshaji anasema maneno mengi kuliko anayetuzwa, ngao inakabidhiwa, picha ya pamoja inapigwa, watu wanapanga foleni ya pilau. Ni nadra mtu kuuliza ile ngao hasa ni mali ya nani: ya kamati iliyoitoa, ya aliyeipokea, ya marehemu ambaye tuzo inaitwa kwa jina lake, au ya wale waliokaa viti vya nyuma wakipiga makofi. Birmingham waliliuliza swali hilo kwa wiki sita mfululizo, wakalijibu bila kumsubiri mwenyekiti wa kamati.

Taasisi yenyewe ni makumbusho, na imejengwa mahali pasipoiruhusu kusema uongo. Ukisimama kwenye mlango wake, ng'ambo ya barabara unaliona Kanisa la Kibaptisti la Mtaa wa 16. Jumapili ya tarehe 15 Septemba 1963, saa 4 na dakika 22 asubuhi, baruti iliyotegwa na wanachama wa kundi la wabaguzi la Ku Klux Klan ililipuka hapo na kuwaua wasichana wanne waliokuwa wakijiandaa kwa ibada: Addie Mae Collins, Cynthia Wesley na Carole Robertson wenye miaka 14, na Denise McNair wa miaka 11. Geuza shingo kidogo, unaiona bustani ya Kelly Ingram. Mei ya mwaka huohuo, watoto wa shule waliotoroka madarasa ili waandamane walipigwa hapo kwa maji ya mipira ya zimamoto na kukimbizwa na mbwa wa polisi, kwa amri ya Eugene Connor, kamishna aliyejulikana zaidi kwa jina la Bull. Leo njia moja ya bustani hiyo inapita katikati ya sanamu za mbwa wa chuma waliotoka ukutani kulia na kushoto, meno nje, minyororo imekazwa. Kupita pale ni lazima upunguze mwendo, maana meno yako usawa wa mbavu, na mtoto yanamfika usoni.

Wazo la kujenga makumbusho lilikuja mwishoni mwa miaka ya 1970 kutoka kwa meya Mzungu, David Vann, aliyekuwa amezuru Israel na kuona kumbukumbu ya mauaji ya Wayahudi. Aliwaza kwamba mji unaweza kulikabili jambo la aibu kwa kulijengea nyumba. (Hilo la Israel tutalirudia, kwa sababu historia ina tabia ya kudai deni lake mahali usipotegemea.) Aliyelibeba wazo hilo hadi mwisho ni Richard Arrington, meya wa kwanza Mweusi wa Birmingham, aliyechaguliwa mwaka 1979. Haikuwa rahisi. Mara mbili katika miaka ya 1980 wapiga kura waliulizwa kama mji ukope fedha za mradi ule, na mara mbili wakakataa. Wapo waliosema ni kufukua makaburi. Arrington akatafuta fedha kwingine, ujenzi ukaanza, na Novemba 1992 milango ikafunguliwa.

Msanifu wa jengo alikuwa J. Max Bond, Mmarekani Mweusi ambaye katika miaka ya 1960, Kwame Nkrumah akiwa bado madarakani, alihamia Ghana, akafundisha Kumasi na kuchora maktaba ya Bolgatanga, kaskazini mwa nchi hiyo, jengo lililopangwa ili upepo upite wenyewe bila mashine. Birmingham aliwachorea jumba la matofali mekundu lenye kuba.

Ndani, mgeni huanzia kwenye chumba kidogo cha sinema. Filamu ikiisha, skrini inapanda juu kama pazia, na nyuma yake unakutana na mabomba mawili ya maji ya kunywa, moja la Wazungu na moja la Weusi. Hakuna anayekueleza chochote. Mbele zaidi kuna mlango wa nondo wa selo ambayo Martin Luther King alifungiwa Aprili 1963, alikoandika barua yake mashuhuri kwa viongozi wa dini Wazungu waliomwambia awe na subira. Nadhani kitu hicho kimoja kingetosha kulipa gharama ya jumba zima: nondo za kawaida, rangi imechubuka, upana wa mlango wa stoo.

Lakini kazi kubwa ya makumbusho ya namna hii huwezi kuiona kwenye makabati ya vioo. Iko kwenye kalenda. Kila Januari mji unaadhimisha siku ya King, na kila Septemba 15 kengele ya kanisa la ng'ambo hupigwa saa 4 na dakika 22. Wanafunzi wa sekondari hufundishwa kuwatembeza wageni. Wazee walioandamana mwaka 1963, ambao Birmingham huwaita askari wa miguu, huja kuwasimulia watoto wa shule habari za siku walipokamatwa wakiwa na umri kama wao. Taasisi imerekodi sauti za mamia ya wazee hao, kwa kuwa wengi wao hawakuwahi kuandikwa gazetini hata mara moja: wapishi, walimu, wafanyakazi wa viwanda vya chuma, watu waliofukuzwa kazi kwa kuonekana kwenye picha. Mtu wa namna hiyo anapoingia kwenye makumbusho haingii kama mgeni, na ndiyo sababu uamuzi wa Januari 2019 uliwachoma wengi kama vile wameamka asubuhi wakakuta kitasa cha nyumba yao kimebadilishwa.

Kuna mfano wa heshima iliyotolewa vizuri, na uko hapohapo ng'ambo ya barabara. Mlipuko wa 1963 ulipovunja vioo vya kanisa, habari zilifika hadi Wales, nchi ndogo ndani ya Uingereza. Msanii wa vioo aitwaye John Petts alijitolea kutengeneza dirisha jipya, na gazeti la Western Mail likaanzisha mchango. Masharti yalikuwa kinyume kabisa na harambee zetu: hakuna aliyeruhusiwa kutoa zaidi ya nusu kroni, yaani sarafu moja tu. Hawakutaka tajiri mmoja akilipie kioo kizima kisha kiitwe chake. Watoto walitoa senti zao, sarafu zikajaa, na mwaka 1965 dirisha likafika Alabama likiwa na Kristo mwenye ngozi nyeusi, mikono imetandazwa, mmoja ukisukuma dhuluma na mwingine ukikaribisha. Hadi leo Birmingham wanaliita Dirisha la Wales. Wafadhili wa meza za dhahabu na fedha wangefaa kulitazama kwa makini.

Sasa tumwendee mwenye jina.

Fred Shuttlesworth alizaliwa mwaka 1922 huko Mount Meigs, Alabama, na mwaka 1953 akawa mchungaji wa Kanisa la Kibaptisti la Betheli, kwenye mtaa wa wafanyakazi wa Collegeville, kaskazini mwa Birmingham. Hakuwa mtu wa kupendeza vikaoni. Alikuwa mkali, mbishi na mgumu kusikiliza, na hata marafiki zake walilisema hilo. Mwaka 1956 mahakama ya Alabama ilipokipiga marufuku NAACP, chama cha kutetea haki za Weusi, kisifanye kazi katika jimbo hilo, viongozi wengi walitulia wakisubiri mawakili. Yeye aliita mkutano. Siku chache baada ya marufuku, Juni 5, chama kipya kikazaliwa, yeye akiwa rais wake, na serikali ikajikuta imeua kimoja na kuzalisha kingine.

Usiku wa Krismasi mwaka huohuo wabaguzi walitega baruti chini ya nyumba yake, upande wa chumba alichokuwa amelala. Sakafu ilipasuka na ukuta ukaanguka. Mchungaji akatoka kwenye vifusi akitembea kwa miguu yake. Polisi mmoja, ambaye mwenyewe alikuwa wa Ku Klux Klan, alimshauri kwa upole ahame mji. Shuttlesworth alimjibu kwamba Mungu hakumwokoa ili akimbie. Kesho yake, tarehe 26, aliwaongoza waumini wake kupanda mabasi na kukaa viti vya mbele, vilivyotengwa kwa ajili ya Wazungu.

Septemba 1957 alikwenda na mkewe Ruby kuwaandikisha binti zao katika Shule ya Sekondari ya Phillips, iliyokuwa ya Wazungu tu. Kundi la wanaume lilimvamia mlangoni, likampiga kwa minyororo na ngumi za chuma. Ruby alichomwa kisu nyongani. Hospitalini daktari alishangaa kukuta fuvu halijapasuka, na mchungaji akamweleza kwamba Mola alijua anaishi mji mgumu, ndiyo maana akampa kichwa kigumu.

Ila tukio linalotuhusu zaidi katika sura hii halina damu nyingi. Mei 1963 mipira ya zimamoto ilimbamiza kwenye ukuta wa Kanisa la Mtaa wa 16, akabebwa na ambulensi. Shuttlesworth akiwa bado anauguza mbavu, King na wenzake walikutana na wafanyabiashara Wazungu, wakakaribia kukubaliana kwamba maandamano yasitishwe. Hakuna aliyemshirikisha. Shuttlesworth akainuka kitandani, akaenda hadi nyumba waliyokutanikia, akamwambia King usoni kwamba huwezi kuwaita watu waingie barabarani kisha ukawapatanisha chumbani wasikokuwepo. Waliokuwepo wanasema alizungumza vibaya. Huenda. Baadaye masharti yakawekwa wazi, na tarehe 10 Mei alikaa mbele ya waandishi wa habari akasoma mapatano yale kwa sauti yake mwenyewe, kisha akazimia kwa uchovu.

Huyo ndiye mtu ambaye bodi ya mwaka 2019 ilitumia jina lake huku ikiamua jambo chumbani.

Birmingham ilimheshimu kwa kuchelewa, lakini ilimheshimu kweli. Sanamu yake imesimama nje ya makumbusho, na mwaka 2008 uwanja wa ndege wa mji ukapewa jina lake. Kwa hiyo kila anayeshuka Birmingham kwa ndege, awe mfanyabiashara wa chuma au mjukuu wa polisi wa Bull Connor, anapokewa na jina la yule mchungaji. Alifariki Oktoba 2011.

Na Angela Davis? Kwa wengi wetu jina lake lilifika likiwa na picha: nywele za afro, miwani ya jua, bango la kudai aachiwe huru. Picha hiyo imefunika asili yake. Alizaliwa Birmingham tarehe 26 Januari 1944, mama yake Sallye akiwa mwalimu na baba yake akiwa na kituo cha mafuta. Walihamia mtaa wa kilimani ambako familia za Weusi zilianza kununua nyumba upande uliohesabiwa kuwa wa Wazungu. Nyumba zililipuliwa moja baada ya nyingine, na watu wakauita Kilima cha Baruti. Kati ya mwisho wa vita vya pili vya dunia na katikati ya miaka ya 1960 Birmingham ilipata milipuko kama hiyo ipatayo 50, mingi bila mtu kukamatwa. Davis alikua akiisikia usiku. Mwaka 1963 alikuwa mwanafunzi Ufaransa alipofungua gazeti na kusoma majina ya wasichana wa kanisani. Familia yake iliwafahamu, Carole Robertson na Cynthia Wesley hasa.

Mwaka 1970 alikamatwa kuhusiana na bunduki zilizotumika katika shambulio la mahakama huko California, akakaa mahabusu zaidi ya mwaka, na Juni 1972 baraza la wazee wa mahakama lilimwona hana hatia kwa mashtaka yote. Alikuwa mkomunisti, akagombea umakamu wa rais mara mbili kwa tiketi ya chama hicho, akafundisha chuo kikuu, akaandika juu ya magereza. Kwa hiyo tusijifanye kwamba bodi ilipomchagua Oktoba 2018 haikujua inamchagua nani. Hakuna mtu duniani ambaye rekodi yake imepekuliwa zaidi kuliko Angela Davis. Shirika la FBI lilimfanyia kazi hiyo bure.

Kilichobadilika kati ya Oktoba na Januari ni barua. Davis amewatetea Wapalestina kwa miaka mingi na kuunga mkono wito wa kuisusia Israel. Kituo cha elimu juu ya mauaji ya Wayahudi cha Birmingham, pamoja na watu wengine wa mji, waliiandikia bodi kuomba ifikirie upya. Ni haki yao kuandika, na hofu yao haikutoka hewani. Aprili 1958 vijiti 54 vya baruti viliwekwa kwenye Sinagogi la Beth-El, Birmingham, utambi ukazimika kabla ya kufika. Waliokuwa wakiwalipua Weusi waliwachukia na Wayahudi pia, na wazee wa jamii hiyo hawajasahau. Ongeza lile la meya Vann: makumbusho yenyewe yalitungwa kichwani mwa mtu aliyekuwa ameiona kumbukumbu ya Wayahudi waliouawa. Mjadala wa Palestina ulikuwa na kila sababu ya kufanyika Birmingham, ndani ya jumba lile, mbele ya mlango ule wa selo, na Davis akiwepo kujibu.

Bodi ilichagua kutofanya mjadala. Ilichukua barua, ikafunga mlango, ikapiga kura, ikatoa aya moja isiyo na sababu. Mimi naona hilo ndilo kosa, na lingekuwa kosa hata kama mtuzwa angekuwa mtu mwingine mwenye msimamo wa upande wa pili. Jumba lenye mamia ya kanda za watu waliodai kuelezwa haliwezi kukataa kueleza.

Meya Randall Woodfin alisema hadharani kwamba amesikitishwa. Baraza la mji likapitisha azimio la kutambua kazi za Davis. Watu wakaandamana nje ya makumbusho, chini ya sanamu ya mbishi wao. Wajumbe watatu wa bodi, mwenyekiti akiwa mmoja wao, walijiuzulu. Davis mwenyewe aliandika kwamba ameshangazwa, akasema amegundua kuwa kiini ni Palestina, na akaahidi kwamba mwezi wa Februari atakuja Birmingham hata hivyo, kwa mwaliko wa watu wengine. Kabla Januari haijaisha bodi iliyobaki iliomba radhi hadharani, na tarehe 25, siku moja kabla Davis hajatimiza miaka 75, ikatangaza kwamba tuzo ni yake kama ilivyoamuliwa mwanzo.

Wakati huo watu walikuwa wameshakodi ukumbi.

Ukumbi wa Boutwell uko katikati ya mji na ulifunguliwa mwaka 1924. Kama kuta zingeshtakiwa, ule ungekuwa na jalada nene. Novemba 1938 ulifanyika humo mkutano mkubwa wa watu wa Kusini, Weusi na Wazungu pamoja, juu ya umaskini na haki. Bull Connor, ambaye tayari alikuwa kamishna, akaamuru wakae mbalimbali, Wazungu huku na Weusi kule. Mke wa Rais, Eleanor Roosevelt, akakaa upande wa Weusi. Polisi wakamwambia asogee. Akachukua kiti chake akakiweka katikati, kwenye ujia, si huku wala kule. Hakuna polisi aliyekuwa na maelekezo ya nini cha kufanya na kiti kilichokaa kwenye ujia.

Miaka 10 baadaye, Julai 1948, ukumbi huohuo ulijaa bendera za vita za majimbo yaliyopigania utumwa. Wanasiasa wa Kusini waliokasirishwa na sera za Rais Truman za haki za kiraia walikutana humo na kumsimamisha Strom Thurmond agombee urais kwa ajili ya kulinda ubaguzi. Aprili 1956 akaja Nat King Cole, mwimbaji mzaliwa wa Alabama, kuimba mbele ya hadhira ya Wazungu watupu, maana sheria ya mji ilitaka Weusi wasubiri onyesho lao. Alikuwa hajamaliza nyimbo chache za mwanzo wanaume walipopanda jukwaani mbio na kumwangusha. Polisi waliwadaka. Cole aliumia mgongo. Watu wa onyesho la kwanza walisimama wakampigia makofi marefu, na usiku huohuo akarudi jukwaani kuwaimbia Weusi waliokuwa wakimsubiri. Hata jina la ukumbi lina yake: Albert Boutwell ndiye mwanasiasa aliyemshinda Connor katika uchaguzi wa meya wa mwaka 1963, mtetezi wa ubaguzi aliyechaguliwa kwa sababu alibagua kwa sauti ya chini.

Jioni ya tarehe 16 Februari 2019, tarehe ileile ya hafla iliyofutwa, zaidi ya watu 3,000 waliingia Boutwell. Kamati ya wananchi iliyoandaa shughuli hiyo haikuwa na makumbusho, wala ngao, wala vigezo. Davis alikaa jukwaani kwenye kiti akaongea na Imani Perry, mwandishi na mwanazuoni ambaye naye amezaliwa Birmingham, kwa hiyo yalikuwa mazungumzo ya wanawake wawili wa mji mmoja mbele ya majirani. Walizungumza juu ya magereza, juu ya Palestina, juu ya Birmingham ya utotoni. Jukwaa lilikuwa lilelile lililombeba Thurmond.

Ukweli ni kwamba bodi ilikuwa imewafanyia watu wa Birmingham fadhila bila kukusudia. Hafla ya kawaida ingemalizika kwa keki na kadi za shukrani, meza za mbele zikiwa zimelipiwa na kampuni. Wangeingia mamia, si maelfu. Mama aliyekamatwa mwaka 1963 akiwa na miaka 13 pengine asingepata tiketi. Baada ya kura ile ya tarehe 4 Januari, shule, makanisa na vinyozi wote walikuwa wakibishana juu ya tuzo ambayo wengi wao hawakujua ipo.

Taasisi haikufa kwa hilo, na wala haikustahili kufa. Mwaka 2017 Rais Obama alikuwa ameutangaza mtaa ule, kanisa, bustani na hoteli ya A. G. Gaston aliyokuwa akikaa King, kuwa kumbukumbu ya taifa, na wageni wanaendelea kuja. Ndani ya makumbusho wanahifadhi heshima nyingine iliyo kubwa kuliko Tuzo ya Shuttlesworth, na yenye ugomvi wake. Mei 2013 Obama alitia saini sheria ya kuwapa wale wasichana wanne Nishani ya Dhahabu ya Bunge la Marekani, miaka 50 baada ya kifo chao. Nishani ni moja tu, waliotuzwa ni wanne, na familia ni nne. Sheria yenyewe ikaamua: ikabidhiwe Taasisi ya Haki za Kiraia ya Birmingham, iwekwe watu waione.

Kulikuwa na msichana wa tano. Sarah Collins, mdogo wake Addie Mae, alikuwa na miaka 12, na alikuwa pamoja nao katika chumba cha chini cha kanisa. Vipande vya kioo vilimwingia usoni na machoni. Alilazwa hospitalini zaidi ya miezi miwili, akapoteza jicho la kulia. Jina lake halimo kwenye nishani, kwa kuwa aliishi. Wakati wa kelele za mwaka 2013 alisema wazi kwamba anachotaka ni fidia, na kwamba dhahabu iliyo kwenye kabati haimlipii matibabu. Baadhi ya watu waliona anaharibu sherehe. Mimi sioni hivyo. Shuttlesworth, nadhani, angempa kipaza sauti.

Septemba 30, 2020, Gavana wa Alabama, Kay Ivey, alitoa barua rasmi ya kumwomba radhi, miaka 57 baada ya mlipuko. Kuhusu fidia, gavana aliandika kwamba wengi wanaona ni jambo la kupelekwa Bunge la jimbo, na akapendekeza mawakili wa pande mbili waanze kuzungumza. Sarah alikuwa na umri wa miaka 69.